Kazi Yako Ni Ipi? Mwajiri, Vumbi na Ugonjwa Unaochelewa Kuonekana

Katika kadi ya mgonjwa, chini ya jina, umri na mahali anapoishi, pana mstari mfupi ulioandikwa "Kazi". Mara nyingi mstari huo hubaki mtupu. Ukijazwa, hujazwa kwa neno moja: mkulima, biashara, kibarua. Daktari hupita hapo haraka kwa kuwa foleni ni ndefu, naye mgonjwa hajui kwamba neno hilo lingeweza kuamua ni nani atakayegharimia matibabu yake, ni nani atakayewalisha wanawe akishindwa kufanya kazi, na iwapo wenzake aliowaacha kazini wataugua kama alivyougua yeye.

Tumfikirie mwanamume wa miaka 38 anayefika kituo cha afya akikohoa. Mwaka juzi alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita, akamaliza. Sasa kikohozi kimerudi, na akipanda kilima kidogo inambidi asimame mara mbili kuvuta pumzi. Makohozi yake yanapimwa, vimelea havionekani. Picha ya eksirei inaonyesha madoa sehemu za juu za mapafu, basi anaanzishiwa tena dawa za kifua kikuu. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kueleza, kwamba kwa miaka 12 alikuwa akichoronga miamba ndani ya shimo la tanzanaiti. Mtu huyu tumembuni sisi, lakini hatudhani kwamba tabibu aliyehudumu katika mikoa ya kaskazini atashindwa kumtambua.

Makala haya yanaeleza wajibu wa mwajiri kuhusu afya, usalama na ugonjwa wa mfanyakazi wake, kwa kadiri ya sheria za Tanzania Bara. (Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2005.) Tumechagua vumbi la mawe liwe mfano wetu mkuu kwa sababu linafichua jambo ambalo ajali hulificha. Ajali ina saa yake, ina mahali pake, ina mashahidi. Kidole kikikatwa na msumeno wa kiwandani, hakuna atakayebisha kwamba huenda kilikatikia nyumbani. Ugonjwa wa kazini huingia kimyakimya na kujitokeza wakati mfanyakazi amekwisha kuhama, mwajiri amekwisha kufunga biashara, au wote wawili wamekwisha kusahauliana. Kwa hiyo wajibu wa mwajiri juu ya magonjwa hauwezi kuhesabiwa kuanzia siku mfanyakazi anapougua. Siku hiyo huwa umechelewa, pengine kwa miaka kumi.

Jiwe lisiloyeyuka

Miamba mingi ina madini ya kwatzi, ambayo ni silika iliyo katika umbo la fuwele. Mwamba ukichorongwa, ukilipuliwa, ukipondwa au ukichongwa, silika hiyo huruka pamoja na vumbi. Vumbi tunaloliona likielea kwenye mwanga wa tochi silo baya zaidi; hilo hunaswa puani na kooni, likatoka kwa kamasi na makohozi. Chembe zinazoharibu mapafu ni zile ndogo kuliko sehemu tano za elfu moja ya milimita, ambazo jicho halizioni na ambazo huendelea kuelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Mchimbaji anayengoja "vumbi litulie" kabla ya kuingia tena shimoni anangoja vumbi lisilomdhuru sana, huku lile lenye kudhuru likiwa bado limejaa humo.

Zikifika kwenye vifuko vya hewa, chembe hizo humezwa na seli za kinga kama zinavyomezwa bakteria. Lakini jiwe haliyeyuki. Seli iliyolimeza hufa na kulitema pamoja na kemikali zinazosababisha uvimbe. Seli nyingine huja ikalimeza, nayo ikafa. Kila mzunguko wa namna hiyo huacha kovu, na mizunguko huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, maana jiwe limekwisha kuingia. Makovu yakikusanyika, pafu hukakamaa na kushindwa kutanuka. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kudhihirika. Vumbi likiwa zito sana, miaka michache hutosha. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Tena kuna jambo la pili, na hapa ndipo mgonjwa wetu wa mfano alipopotelea. Seli zile zinazouawa na silika ndizo askari wa mwili dhidi ya kifua kikuu. Mtu mwenye silikosisi hupata kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko mwenzake asiye nayo, na akiwa pia anaishi na virusi vya ukimwi, hatari hizo mbili huzidishana. Magonjwa yote mawili hupenda sehemu za juu za mapafu, yote hukohoza, yote hukondesha. Hivyo daktari asiyeuliza kazi anaweza kutibu kifua kikuu ambacho hakipo, au akatibu kilichopo bila kuuona ugonjwa uliokifungulia mlango.

Katika machimbo ya Mirerani, wilayani Simanjiro, ambako tanzanaiti imekuwa ikichimbwa tangu ilipogunduliwa mwaka 1967, uchorongaji wa miamba bila maji umekuwa jambo la kawaida. Watafiti waliopima hewa ya mashimo hayo miaka ya mwanzo ya karne hii walikuta vumbi la silika lililopita viwango vinavyokubalika wakati wa kuchoronga, kulipua na kupakia. Hospitali ya Kibong'oto, inayojulikana nchini kote kwa tiba ya kifua kikuu, imeendelea kuwachunguza wachimbaji wa eneo hilo kwa ajili ya magonjwa haya mawili kwa pamoja. Basi haiwezi kusemwa kwamba tatizo halijulikani.

Nani ni mwajiri?

Ukimwuliza mwenye mgodi mdogo juu ya wajibu wake, jibu la kwanza huwa kwamba hana waajiriwa. Wanaapolo, kama wachimbaji wa Mirerani wanavyoitwa, hawalipwi mshahara wa mwezi. Hupewa chakula na vifaa, kisha hungoja mgawo siku jiwe litakapopatikana. "Hawa ni wabia wangu," atasema.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ililiona jibu hilo mapema. Inasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atadhaniwa kuwa mwajiriwa iwapo hata moja kati ya hali zilizotajwa lipo: namna ya kufanya kazi yake inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa riziki, anapewa na mtu huyo zana za kazi, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote. Mwajiri ana nafasi ya kuthibitisha vinginevyo, lakini mzigo wa kuthibitisha uko begani mwake. Mwanaapolo anayepewa nyundo, tochi na ugali, akaelekezwa achoronge wapi na atoke shimoni saa ngapi, ametimiza masharti kadhaa kabla hajafika nusu ya siku.

Jambo hilihili linamhusu kibarua wa ujenzi anayeokotwa kijiweni alfajiri, mchuma kahawa wa msimu, na mfanya usafi anayeletwa na mkandarasi. Tunalisisitiza kwa sababu wajibu wote utakaofuata hapa chini unasimama juu ya neno "mwajiri", na wanaolikimbia neno hilo wanajua wanakimbia nini.

Kabla ya mtu kuugua

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 iliyorithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni. Ile ya zamani ilitazama kiwanda: mashine, mkanda, boila. Hii ya sasa inatazama mahali pa kazi, liwe shamba, duka, shule, ofisi au hospitali, na inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mwajiri anatakiwa kusajili mahali pake pa kazi, kufanya tathmini ya vihatarishi, kuwapa wafanyakazi mafunzo, na, akiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne, kuteua kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya miongoni mwao.

Tathmini ya vihatarishi ni maneno mazito kwa jambo lililo jepesi kulieleza: ni kujiuliza, kabla ya madhara, nini hapa kinaweza kumdhuru mtu, kwa njia gani, na tutafanya nini. Ugumu uko kwenye "tutafanya nini". Waajiri wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye vifaa kinga. Hununua katoni ya barakoa, wakazigawa, wakapiga picha, wakaona wametimiza. Utaratibu unaofundishwa katika elimu ya afya ya kazi ni kinyume chake. Kwanza huulizwa kama kihatarishi kinaweza kuondolewa kabisa. Kisha kama kinaweza kubadilishwa na kitu kisichodhuru. Kisha kama kinaweza kuzuiwa pale kinapotokea. Kisha kama muda wa watu kukutana nacho unaweza kupunguzwa. Vifaa kinga huja mwisho, kwa ajili ya hatari iliyosalia.

Kwa vumbi la mawe, dawa kubwa ni maji. Mashine ya kuchoronga inayopitisha maji kwenye ncha yake hulifanya vumbi liwe tope kabla halijaruka, na hupunguza vumbi la hewani kwa kiasi kikubwa sana. Kulowesha mawe kabla ya kuyapakia, kuingiza hewa safi shimoni, na kutowarudisha watu mara tu baada ya mlipuko ni mambo ya kundi hilohilo. Ni kweli kwamba Simanjiro ni nchi kame na maji hununuliwa. Lakini baruti nayo hununuliwa, na dizeli ya kompresa hununuliwa, na hakuna mwenye mgodi anayesema atachimba bila baruti kwa kuwa ni ghali.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe tulizozieleza. Wala barakoa ya hospitali haizizuii, maana hewa hupita pembeni. Kinachohitajika ni kipumulio chenye chujio la chembe ndogo, kinachobana uso vizuri, kinachobadilishwa kinapoziba. Na mwenye ndevu nyingi hakimshiki sawasawa. Gharama yake ni ya mwajiri. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi chochote, na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliyatangaza mazingira salama na yenye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi kazini, zinazozibana nchi zote wanachama hata zile ambazo hazijaridhia mkataba wenyewe. Mwajiri anayekata bei ya buti na kofia kwenye ujira wa kibarua anafanya jambo lililokataliwa.

Vihatarishi vingine tutavigusa kwa kifupi, kwa kuwa kanuni ni ileile. Kelele inayofikia desibeli 85 kwa saa nane huanza kuua seli ndogo za sikio la ndani, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa nne, kwa 91 ni mbili. Seli hizo hazioti tena. Katika mashamba ya maua na mboga, sumu za kuulia wadudu za kundi la ogano-fosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu; mtu hutoka jasho, hutapika, macho hufifia, mwili hulegea, kisha hupelekwa zahanati na kupewa dawa ya malaria. Vumbi la mkonge, la kahawa na la saruji yote yamechunguzwa na watafiti wa hapa nchini na kuonekana kuathiri njia ya hewa.

Kupimwa afya, na hofu ya kupimwa

Sheria inataka mfanyakazi apimwe afya na daktari mwenye sifa kabla ya kuanza kazi, na tena kila baada ya muda kadiri ya hatari ya kazi yenyewe. Utaratibu mzuri huongeza upimaji wa tatu, anapoondoka. Kwa mtu wa vumbi hupimwa uwezo wa mapafu na kupigwa picha ya kifua. Kwa mtu wa kelele hupimwa usikivu. Kwa mnyunyiza sumu hupimwa damu.

Hapa lazima tukiri kwamba wafanyakazi wengi wanauogopa upimaji huu, na hofu yao ina msingi. Wanajua wenzao walioambiwa "mapafu yako si mazuri" siku ya Ijumaa na Jumatatu wakakuta majina yao hayapo kwenye orodha. Mwajiri anayetumia upimaji kwa namna hiyo amegeuza kinga kuwa kichujio. Mabadiliko katika mapafu ya mfanyakazi mmoja ni taarifa juu ya hewa wanayoivuta wote. Kumwondoa yeye na kumweka mwingine mahali pake hakulipunguzi vumbi hata chembe; kunamtafuta tu mgonjwa anayefuata.

Kwa sababu hiyo mambo mawili yazingatiwe. La kwanza, matokeo ni mali ya mfanyakazi, na apewe nakala yake. Mwajiri anapaswa kujua kama mtu anafaa kwa kazi fulani, au anafaa kwa masharti, au asogezwe kwingine. Jina la ugonjwa ni siri kati ya mgonjwa na daktari. La pili, upimaji huu hauhusu virusi vya ukimwi. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi imekataza kumlazimisha mtu kupima na kumbagua kwa hali yake, kazini kama kwingineko.

Mfanyakazi akiugua

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa hata na maofisa utumishi. Ugonjwa wa kawaida, hata kama mtu ameupata akiwa ameajiriwa, unaangukia kwenye likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Ugonjwa uliotokana na kazi ni jambo jingine, lina mlango wake, na mlango huo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Chini ya sheria ya zamani ya fidia, kiasi cha juu kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kilibaki shilingi 108,000, kiasi kilichopangwa zama ambazo shilingi ilikuwa na nguvu nyingine. Leo mwajiri huchangia Mfuko asilimia 0.5 ya mishahara yote anayolipa, naye haruhusiwi kumkata mfanyakazi sehemu yoyote ya mchango huo. Mfuko hugharimia matibabu. Humlipa mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Humlipa mwenye ulemavu wa kudumu, ama kwa mkupuo ulemavu ukiwa haujazidi asilimia 30, ama kwa pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Na akifa, hugharimia mazishi na kuwalipa wategemezi.

Lakini yote hayo hungoja taarifa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu ajue, na dai linatakiwa lifikishwe ndani ya miezi 12. Kwa ajali, miezi hiyo huanza siku ya ajali. Kwa ugonjwa, huanza ugonjwa unapothibitishwa. Hapo ndipo tunaporudi kwenye ule mstari mtupu wa kadi. Daktari asipouliza kazi, ugonjwa hauthibitishwi kuwa wa kazini; usipothibitishwa, mwajiri hana cha kutaarifu; na mgonjwa anayemaliza siku zake 126 akiwa nyumbani na kikohozi hujikuta amegeuka mtu "asiyeweza kazi".

Hata hapo mwajiri hawezi kuamka na kumwachisha. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka achunguze chanzo cha ugonjwa na muda unaotarajiwa, amsikilize mfanyakazi, na atafute kama kuna kazi nyepesi au marekebisho yatakayomwezesha kubaki. Pale ambapo ni kazi yenyewe iliyomwumiza, anatakiwa ajitahidi zaidi. Kumtoa mchorongaji mwenye silikosisi kwenye vumbi ni lazima ya kitabibu. Kumtoa kwenye kazi ya stoo, ya lango au ya kupima mizigo, ambazo angeziweza, ni uamuzi wa mwajiri na atatakiwa kuutetea. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 ni chache kwa mgonjwa, na wengi hupitwa nazo wakiwa bado wodini.

Baada ya lango kufungwa

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha maafikiano kati ya makampuni kadhaa ya dhahabu na wachimbaji waliougua silikosisi na kifua kikuu. Waliohusika ni pamoja na watu waliofanya kazi migodini tangu Machi 1965, na kiasi kilichotengwa kilikuwa kama randi bilioni 5. Wengi walikuwa wamerudi makwao, wengine nje ya Afrika Kusini, na wengine madai yao yalifikishwa na wajane. Ugumu mmoja wa madai ya namna hiyo ni karatasi: mtu anajua alikaa shimoni miaka tisa, lakini ni nani atakayemwandikia hivyo leo?

Kwa hiyo kumbukumbu ni sehemu ya wajibu wa mwajiri, ingawa hutajwa mara chache. Matokeo ya vipimo vya hewa, orodha ya waliofanya kazi sehemu gani na kwa muda gani, na majalada ya upimaji wa afya yanapaswa kudumu kwa miaka mingi kuliko ajira yenyewe, kwa kuwa ugonjwa nao hudumu kuliko ajira. Mfanyakazi naye ajitunzie nakala: mkataba au barua, kitambulisho cha kazi, stakabadhi za malipo, na zaidi ya yote picha yake ya kwanza ya kifua. Picha ya zamani isiyo na madoa, ikiwekwa kando ya mpya yenye madoa, humsaidia daktari kuliko maelezo mengi.

Nyumbani kwetu

Isingekuwa haki tuyaandike haya bila kutazama wodi zetu. Hospitali ni mahali pa kazi, na uongozi wake ni mwajiri. Muuguzi au mfua nguo aliyejichoma sindano yenye damu ya mgonjwa yumo katika hatari inayojulikana kwa hesabu: kwa virusi vya ukimwi ni kama 3 kati ya 1,000, kwa homa ya ini aina B, kama hajachanjwa na mgonjwa anaambukiza, ni kuanzia 6 hadi 30 kati ya 100. Chanjo ya homa ya ini B ipo, ni dozi tatu katika miezi sita, na mwajiri ndiye anayepaswa kuitoa kabla mtu hajashika sindano. Dawa kinga ya virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, bora zaidi ndani ya saa chache, na humezwa kwa siku 28. Tumeshuhudia mfanya usafi aliyechomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa takataka za kawaida akinyamaza kwa siku nne, kwa kuwa aliajiriwa na mkandarasi na hakujua amwambie nani. Alipojitokeza, muda wa dawa ulikuwa umepita. Hospitali ilimwona si wake; mkandarasi alisema ameumia hospitalini.

Kwa wenzetu wanaokaa upande wa pili wa meza, Bernardino Ramazzini wa Modena alishauri katika kitabu chake cha mwaka 1700 kwamba tabibu aongeze swali moja kwenye yale aliyozoea: mgonjwa anafanya kazi gani? Sisi tungeongeza manne mengine, ambayo hayachukui dakika mbili: ulifanya kazi gani kabla ya hii? Unashika au unavuta nini ukiwa kazini? Je, unapata nafuu ukiwa mapumzikoni? Je, kuna wenzako wanaougua hivi?

Mgonjwa wetu wa mfano akiulizwa maswali hayo, kadi yake itasomeka: "Mchorongaji wa miamba, Mirerani, miaka 12, bila maji. Wenzake wawili wanakohoa." Kwa maneno hayo daktari ana sababu ya kuomba picha yake isomwe upya na bingwa, na ya kutafuta uthibitisho wa kifua kikuu kabla ya kumtwisha dawa za miezi mingine sita. Ugonjwa wa kazini ukithibitishwa, taarifa kwa OSHA na dai kwa Mfuko vina mahali pa kuanzia, na miezi 12 inaanza kuhesabiwa. Na wale wenzake wawili, ambao bado wanashuka shimoni kila siku, wanaweza kuitwa kupimwa.